Tupeane uzoefu: waliozunguka Mlima Elgon, Kitale na Kapenguria, yaliwapata yapi?

Kibomet_Wetu
Leo kwenye matatu kutoka Eldoret vijana wawili wamebishana njia nzima kama ni kweli ndovu huingia pangoni au ni hadithi za wazee. Nimenyamaza tu. Sisi tuliokulia Trans Nzoia tumeona ukuta wa pango la Kitum ulivyochimbwa na pembe, mistari imejaa hadi ndani kabisa kusikofika mwanga. Wanaingia usiku, wanapapasa njia kwa mkonga, wanabomoa mwamba wenye chumvi na kuutafuna. Sasa wenzangu mliopanda Elgon, mlioingia mapango au hata mliofika Kapenguria tu, leteni yenu. Picha wekeni kando, nataka yaliyowapata.

Mwana_Endebess
Ni kweli. Na ukifika asubuhi kinyesi chao kiko palepale mlangoni, bado kibichi.

Mama Njeri wa Section 58
Umenichokoza. Elgon naijua kwa sababu ya shemeji yangu, mume wa dada. Tulitoka kwao Kisumu, tukalala Kitale, kesho yake tukaingia lango la Chorlim, gari likatupandisha mpaka kambi ya Koroborte. Piga hesabu: Kisumu ni mita 1,131 juu ya bahari, Koroborte imepita 3,500. Na huyu ni mtu wa ziwani, kitu kirefu alichozoea kupanda ni ngazi za kanisa. Askari wa mbuga aliyetusindikiza alitushauri tukae hapo siku nzima mwili uzoee. Shemeji akasema yeye anacheza mpira kila Jumamosi, twende.

Usiku maji yaliganda kwenye sufuria. Asubuhi hakugusa chai, akasema kichwa kinamgonga. Tukamwambia abaki, akakataa, maana mkewe alikuwa amesimama pale na rucksack mgongoni. Tukapanda katikati ya lobelia zinazompita mtu urefu, mpaka tukakiona kilele cha Koitoboss kimesimama mbele na kile kichwa chake bapa. Hapo ndipo alipoketi. Akawa anajaribu kufunga zipu ya jaketi, vidole vinaipita zipu, vinashika hewa. Nikamfungia. Akaniangalia usoni, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mama, hii gari ya Kondele inajaa saa ngapi?"

Kondele ni mtaa wa kwao Kisumu. Tukacheka. Akauliza tena. Mara ya pili hakuna aliyecheka.

Mmoja wetu akasema apewe chai ya moto, mwingine akasema apumzishwe nusu saa, dada yangu akaanza kuomba kwa sauti. Yule askari hakutaka baraza. "Anashuka sasa hivi." Akampitisha mkono kwapani wakaanza kuteremka, sisi nyuma. Shemeji anayumba, anatapika, anautukana mlima kwa Kijaluo. Ukungu ukatufunga, mvua ya mawe ikaanza. Tulimweka kwenye gari tukashuka moja kwa moja hadi karibu na lango. Na huko chini, watu wangu, akafumbua macho akauliza kwa nini tumerudi, halafu akadai nyama choma! Hadi leo huko Kisumu anahadithia watu kwamba alifika kileleni.

Jakondele
Gari ya Kondele haijai haraka hata ukiwa na akili timamu 😂

Nesi_Bungoma
Tucheke, lakini huyo mtu angekufa. Kichwa kuuma na kichefuchefu, unaacha kupanda. Ukianza kuyumba na kuongea ovyo, ubongo unavimba, unashushwa saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Huyo askari apewe mbuzi.

Baba Wafula, Kimilili
Kitunguu saumu asubuhi, punje mbili, unatafuna bila maji. Sisi tunapanda hivyo tangu zamani na hakuna anayeulizia matatu.

Nesi_Bungoma
Mzee, heshima zako, lakini kitunguu saumu hakishushi mtu mlimani.

Baba Wafula, Kimilili
Binti, wewe umepanda?

Mpanda_Vilima
Kabla hamjapigana: huyo shemeji hata angefika Koitoboss, hicho si kilele cha Elgon. Kilele ni Wagagai, mita 4,321, upande wa Uganda.

Mwana_Endebess
Kila mwaka lazima mtu atuletee Wagagai. Sisi tunapanda ya kwetu.

Mpanda_Vilima
Nimesema ukweli tu.

Mwana_Endebess
Ukweli wa Uganda peleka Mbale.

Daktari_wa_Mifugo
Mmeanza na Kitum lakini naona mnazunguka jambo lenyewe. Mwaka 1980 na tena 1987 kuna watu waliozuru pango hilo kisha wakaugua Marburg, ndugu yake Ebola, na wote wawili walifariki. Virusi hivyo hukaa kwa popo wanaokula matunda, wale wanaolala mapangoni.

Shiru_wa_Molo
WUEH! Na mimi niliegemea ule ukuta nikipigwa picha!! Mkono wote!

Nesi_Bungoma
Lini?

Shiru_wa_Molo
Mwaka jana Agosti.

Nesi_Bungoma
Basi tulia. Marburg ikikushika inajionyesha ndani ya wiki tatu. Chai umekunywa leo?

Shiru_wa_Molo
Nimekunywa lakini sasa naskia joto.

Jakondele
Hiyo ni hofu, dada. Mimi nasema hayo mapango yafungwe tu. Mtu aingie kwa popo kutafuta nini?

Kapsokwony_Boy
Yafungwe na nani? Wasabaoti wameishi kwenye mapango ya mlima huu vizazi na vizazi, na ng'ombe wao ndani. Nyanya yangu alizaliwa pangoni. Nyinyi mnasoma habari mbili mnataka kutufungia nyumba.

Daktari_wa_Mifugo
Ndugu yangu, sijasema yafungwe. Nimesema usishike popo, usikanyage kinyesi chao na viatu vya wazi, usile chochote humo, ukitoka nawa mikono. Mwenye wasiwasi aende Making'eny asimame mlangoni, maporomoko yanashuka mbele ya pango kama pazia, atosheke na hapo.

Kapsokwony_Boy
Hapo sawa. Ungeanza na hilo.

Mwalimu Mstaafu, Makutano
Naona mlima umewameza wote, na Kibomet aliuliza pia Kapenguria. Niliwapeleka wajukuu kwenye makumbusho, pale gerezani walikofungiwa wale wapigania uhuru sita. Mjukuu mmoja akaingia seli, akaniomba nimsukumie mlango kidogo aone. Nilipoufungua alikuwa amebana mabega ukutani, hataki kuongea. Vitabu vya shule havijawahi kumnyamazisha hivyo.

Jakondele
Hao sita si ni Kenyatta, Mboya, Oneko...

Mwalimu Mstaafu, Makutano
Mboya hakuwemo! Andika: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko, Kung'u Karumba. Walikamatwa Oktoba 1952, hukumu ikatoka Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu. Na Oneko wenu wa Nyanza alishinda rufaa, lakini serikali ya mkoloni ikamshikilia vilevile.

Jakondele
Alishinda na hakuachiliwa? Hiyo sikuijua, Mwalimu. Shukrani.

Mpanda_Vilima
Ukitoka huko usiruke Saiwa. Ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, unaitembea kwa miguu, unapanda jukwaa la mbao unamngoja nzohe, yule swala wa kinamasi, atoke kwenye mafunjo. Nilienda alfajiri, nikamwona.

Shiru_wa_Molo
Mimi nilikaa jioni nzima nikaona mbu.

Kibomet_Wetu
Na makumbusho ya Kitale yenyewe msiyadharau. Chimbuko lake ni mkusanyiko wa Kanali Stoneham tangu 1926, jengo likafunguliwa 1974. Nyuma kuna njia ya msituni yenye kivuli kizuri. Watu wa Kitale wenyewe wengi hawajawahi kuingia, wanapita tu wakienda kliniki.

Nyar_Ahero
Nauliza jambo moja: tunataka kuja Mei na watoto. Lango la Chorlim wanachukua pesa mkononi? Na barabara inapitika?

Mwana_Endebess
Pesa mkononi hapana, lipa eCitizen kabla hujafika maana mtandao huko ni wa kubahatisha. Mei ni mvua. Hadi langoni utafika, lakini ndani ya mbuga bila gari la kuvuta magurudumu yote utalala kwenye matope. Ngoja Desemba hadi Februari.

Jakondele
Probox yangu iliingia.

Mwana_Endebess
Iliingia mwezi gani?

Jakondele
Januari.

Mwana_Endebess
Haya.

Jakondele
Nimesema iliingia.