AMENIDAI CHENJI! Yule mtu wetu, mnamjua, ametudai chenji mbele ya stage nzima

Mwenyekiti_wa_Stage:

Nimefika nyumbani sasa hivi, hata helmeti sijavua. Naandika na hasira, kwa hivyo makosa ya herufi mtanisamehe, na msiponisamehe shauri yenu.

Yule mtu wetu, mgombea wa ubunge, ametudai chenji mbele ya stage yetu ya bodaboda.

Simtaji. Mnamjua. Ni yule ambaye sura yake imebandikwa kwa kila mlingoti wa stima na kila choo cha kulipia, meno yote nje utadhani anauza dawa ya meno. Yule aliyeanguka 2022 akapotea kama stima ya mtaa wetu, na sasa amefufuka kwa sababu amenusa uchaguzi wa Agosti 2027.

Asubuhi gari lile kubwa likasimama stage, kioo kikashuka nusu. "Mwenyekiti! Kamanda wangu!" Ati kamanda. Alitaka pikipiki nane zimsindikize hadi uwanjani, honi mwanzo mwisho. Tukaenda. Tumepiga honi mpaka kuku wa mama mayai wakataga kabla ya siku zao. Tumezunguka mtaa mara tatu ili watu wadhani msafara hauna mwisho. Kuna bibi mmoja ametupungia mkono mara zote tatu, mara ya tatu akauliza kama kuna harusi.

Kurudi, akashuka na kutoa noti ya mia tano. MOJA. Akauliza, "Mko wangapi?" Nikamwambia nane. Akatazama mbinguni, nikadhani anatuombea, kumbe anapiga hesabu. "Hamsini hamsini, hiyo ni mia nne. Nirudishie mia."

Nirudishie mia!

Na mimi, kwa ujinga, nikaingiza mkono mfukoni, maana akili ilikuwa bado iko kwa mzunguko wa pili. Nikampa. Akaipokea AKAIINUA JUANI kuangalia kama ni bandia. Noti yangu! Pesa ya abiria niliyemtoa Donholm asubuhi na mapema! Akaigeuza, akaikuna na ukucha, ndipo akaikunja na kuitia mfukoni. Vijana wote wananiangalia. Mama chapati ameacha kusukuma.

Na huyu ndiye nilimfanyia uwakala 2022, kumlindia kura kituoni. Niliingia kituoni saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimekula andazi moja. Kura sita kwa kila mtu, rangi sita, na mimi macho yangu kwa ile ya kijani tu kwa sababu ya bunge ndiyo yake. Vituo vikafungwa saa kumi na moja jioni, hesabu ikaanza na ya rais, za kijani tumezifikia usiku wa manane. Karani anainua moja moja, mimi nasinzia nimesimama kama punda. Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo, ikajazwa, nikatia sahihi. Alipata kura kumi na moja. Moja yangu. Zile kumi naweza kuwatajia mmoja mmoja, na wawili walikuwa mashemeji zake.

Malipo ya uwakala mpaka leo "yako njiani". Yakifika mnijulishe, maana najua njia zote za mtaa huu na sijakutana nayo.

Lakini hayo nilishasamehe. Hii ya leo, AKAIINUA JUANI...

Mama_Kachumbari: Pole mwenyekiti. Lakini nicheke kwanza, nitarudi kukuhurumia.

WakiliWaBure: Ndugu, tahadhari. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa hongo na anayepokea. Hapa hujaandika malalamiko, umeandika ungamo.

Mwenyekiti_wa_Stage: Hongo gani? Hiyo ni kazi tumefanya! Mafuta tumechoma!

WakiliWaBure: Basi ni mshahara, na wewe umemrudishia mwajiri sehemu ya mshahara. Katika miaka yangu yote sijawahi kupata mteja kama wewe.

Buda_wa_Zimmerman: Swali la kweli. Hiyo noti ya mia ilikuwa bandia au haikuwa?

Mwenyekiti_wa_Stage: ILIKUWA HALALI! Hiyo ndiyo inaniuma!

Nyanya_Mbili: Angalau wako alishuka kwa gari. Wetu husalimia kupitia paa, mkono tu ndio unaoonekana. Mtoto wangu anajua saa yake kuliko sura yake.

Kangemi_Juu: Nyinyi mnacheza. Njooni Westlands. Mtu anaomba kura Kangemi akiwa na gambuti, ndani ya gari ana viatu vingine vya kuvaa akifika Kitisuru. Eneo bunge moja, viatu jozi mbili. Huku anaahidi mabomba ya maji, kule anaahidi kwamba sisi hatutapita barabara yao.

Gatina_Finest: Hiyo ni ndogo. Dagoretti Kaskazini iko na Kawangware na Kileleshwa ndani ya sufuria moja. Mheshimiwa mmoja, basari moja, sisi tunapanga foleni mpaka tunajua majina ya ukoo ya kila mtu, wale wa upande wa pili hata hawajui fomu zinatolewa wapi. Halafu siku ya kura wanasema sote ni sawa.

Mzee_Jericho: Vijana, tulieni. Zamani Nairobi yote ilikuwa na viti vya bunge 8. Ilipofika 2013 vikawa 17. Embakasi peke yake ilizaa watano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi, kama dira ya meli. Tukaambiwa huduma zitakaribia. Kilichokaribia ni mabango.

Mwenyekiti_wa_Stage: Mzee shikamoo. Sasa, kuhusu ile noti yangu.

Mzee_Jericho: Marahaba. Nimeisoma. Kijana, enzi zetu mgombea alikuwa anatupa noti akiwa juu ya gari na hakuna aliyeomba chenji. Mlimzoesha vibaya.

Kijana_wa_44: Mimi niko Githurai 44, kura yangu ni ya Roysambu, Nairobi. Nikivuka barabara kuu niko 45, hiyo ni Ruiru, Kiambu. Msimu wa kampeni napata fulana za kaunti mbili. Wagombea wa ng'ambo hawajui kama mimi si wao, na sina haja ya kuwaambia.

Mama_Kachumbari: Nimerudi. Bado nacheka. "Mama chapati ameacha kusukuma" hiyo imeniua.

Laini_Saba: Uchaguzi mdogo wa Kibra, Novemba 2019, ndipo tulipoona wageni. Kila kiongozi wa kitaifa alikuwa anajua kula mutura, ile soseji ya matumbo, kwa vidole. Mariga aliyecheza Inter Milan alikuja kuomba kiti, Imran Okoth akakichukua. Mwezi huo hakuna aliyelala njaa Laini Saba. Baada ya matokeo, hata wauza mutura walituulizia wageni wetu wako wapi.

Buda_wa_Zimmerman: Kwa hivyo unasema uchaguzi mdogo uwe kila mwaka?

Laini_Saba: Kila mwezi. Mimi sina shida.

Pipeline_Ghorofa_ya_7: Sisi wa Embakasi Kusini tulirudi debeni Aprili 2019 baada ya korti kufuta matokeo ya 2017. Nilipanda na kushuka ghorofa saba mara mbili kwa kiti kimoja. Lifti tuliyoahidiwa na mgombea fulani (si wa kutajwa) ni ya kiroho.

Nyanya_Mbili: Lifti ni ya mwenye nyumba, si ya mbunge.

Pipeline_Ghorofa_ya_7: Mwambie yeye, si mimi. Ndiye aliyeahidi.

Mchujo_Ulinimaliza: Hakuna anayezungumzia mchujo wa vyama? Kwetu mshindi alitangazwa watu wakiwa bado kwa foleni. Mimi nilikuwa wa nne kutoka mlangoni. Nikamuuliza afisa, sasa sisi? Akasema tupige tu, tusipoteze desturi. Nikapiga.

Mwenyekiti_wa_Stage: Jamani huu ni uzi wangu. AKAIINUA JUANI. Mnaelewa uzito wake? Mtu aliyepata kura kumi na moja anakagua pesa YANGU.

Gatina_Finest: Mwenyekiti, kusema ukweli, mtu aliyepata kura kumi na moja ana haki ya kutoamini mtu yeyote wa mtaa huo.

Mama_Kachumbari: 😂😂😂 Gatina umemaliza.

Ruaraka_Damu: Na mimi nina langu. Naishi Mathare North, kila mtu ananiuliza habari za mbunge wa Mathare. Mathare North ni Ruaraka! Wadi ya eneo bunge la Ruaraka! Mwaka 2022 shemeji yangu alinipigia kampeni miezi miwili, nimpigie kura mtu wake wa Mathare. Siku ya kura alinisindikiza mpaka kituoni, akaona majina ukutani, akaketi chini.

Mzee_Jericho: Mathare North isiwe Mathare? Kijana usinichoshe.

Ruaraka_Damu: Mzee, kwa heshima, ni Ruaraka. Pamoja na Babadogo, Utalii, Lucky Summer na Korogocho.

Mzee_Jericho: Korogocho ni Kasarani.

Ruaraka_Damu: Ilikuwa, mzee. Kabla ya 2013.

Mwenyekiti_wa_Stage: Subirini. Amenipigia simu sasa hivi. Kesho anataka pikipiki kumi na mbili. Ati leo ilikuwa ndogo kwa kamera.

WakiliWaBure: Na umesemaje?

Mwenyekiti_wa_Stage: Nimesema saa ngapi.

Buda_wa_Zimmerman: Kumi na mbili mara hamsini ni mia sita. Mwambie aje nazo kamili. Na wewe uache pochi nyumbani.

Kijana_wa_44: Kama kuna fulana niitie, saizi kubwa.

Mzee_Jericho: Nimeuliza jirani. Yeye pia anasema Korogocho ni Kasarani.

Ruaraka_Damu: Jirani yako anapigia kura wapi, mzee?

Mzee_Jericho: Machakos.