Hoja: Je, mkulima anayeokota zana za mawe za kale shambani alipwe kwa kila jiwe?

Hoja ninayoileta inawagusa wakulima wa Iringa, Dodoma, Singida na kwingineko nchini, ambao kila msimu majembe yao huibua vipande vya mawe vilivyochongwa na watu walioishi katika ardhi hiyo hiyo maelfu ya miaka iliyopita. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inavitambua vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa mabaki ya kale, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Wapo wenzetu wanaosema kwamba taarifa bila malipo ni unyonyaji, na kwamba serikali inunue kila zana inayookotwa. Napinga pendekezo hilo, ingawa nakiri kwamba kinyongo kinacholizaa ni cha haki.

Nianze na kitu chenyewe, maana wengi wanakijadili bila kukiona. Mzee mmoja jirani yangu alinionyesha jiwe jeupe la kwatzi aliloliokota kwenye shamba la mahindi baada ya mvua ya kwanza. Lilikuwa na urefu wa pingili mbili za kidole, upande mmoja mnene wa kushikia, na upande wa pili limemeguliwa kingo zote mbili, kidogo kidogo, mpaka zikakutana kwenye ncha nyembamba. Nilipoipitishia kidole ile ncha, nilihisi kwamba kingo zake zimelainika, ilhali sehemu nyingine za jiwe bado zilikuwa kali. Ni keke, yaani chombo cha kutobolea. Fundi seremala wa pwani aliyezoea kuzungusha keke kwa uta angeielewa kazi yake mara moja: kutoboa ngozi, mti, mfupa, au ganda la yai la mbuni ili lipate kuwa ushanga. Mara nyingi ganda hilo lilitobolewa kwanza likiwa kipande kisicho na umbo, ndipo likasagwa kingo zake mpaka likawa duara, kwa kuwa ushanga uliokwisha kusagwa ukipasuka wakati wa kutobolewa, kazi yote imepotea.

Sasa nije kwenye hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wa pili. Wanauliza: mwaka 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani aliiuzia serikali mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na taifa zima likampongeza, kwa nini basi mkulima mwenye jiwe la miaka elfu nyingi aambulie ahsante? Swali ni zuri na halistahili kubezwa. Jibu langu ni kwamba tanzanaiti hubaki na thamani yake popote utakapoipeleka, lakini keke ya jiwe ikishang'olewa mahali pake bila kuandikwa ilikuwa kina gani, kwenye udongo wa rangi gani, na karibu na mkaa au mifupa ipi, sehemu kubwa ya thamani yake hubaki shimoni.

Mfano upo hapa hapa nyumbani. Pango la Kisese II, katika eneo la michoro ya miambani ya Kondoa, lilichimbwa mwaka 1956 na mwanaakiolojia Ray Inskeep, na vilivyotoka vikahifadhiwa kwa kufuata kina vilikotoka. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watafiti walivirudia vipande vile vya maganda ya mayai ya mbuni, wakavipima umri, na ikabainika kwamba katika pango lile shanga zilitengenezwa zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Kama shanga zile zingenunuliwa moja moja kutoka mifukoni mwa watu, zisingeweza kueleza mfuatano wa maisha ya pango lile, hata zingepimwa na mtaalamu bingwa kiasi gani.

Malipo ya kipande kwa kipande yalikwisha kujaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Katika miaka ya 1930, kisiwani Java, Indonesia, mtafiti wa mabaki ya kale Gustav von Koenigswald aliwalipa wanakijiji kwa kila kipande cha fuvu la binadamu wa kale walichomletea. Akaja kugundua kwamba walikuwa wakivivunja vipande vikubwa ili viwe vingi. Siwalaumu hata kidogo, kwani walifanya hesabu ambayo kila mwenye njaa angeifanya. Wa kulaumiwa ni utaratibu.

Hata hivyo, siungi mkono hali ilivyo sasa. Yule mzee aliyapeleka mawe yake kwenye ofisi moja ya umma, akaambiwa ayaache mlangoni. Hakupewa karatasi yoyote, na hakuna aliyemuuliza ameyatoa wapi. Hapo ndipo penye kidonda. Ninachopendekeza ni kwamba mgunduzi apewe stakabadhi yenye jina lake na mahali alipookota, afisa afike shambani kabla ya jembe kurudi, mwenye shamba alipwe fidia kamili ya mazao endapo uchimbaji utamzuia kulima, na zana zioneshwe karibu na zilipotoka. Hilo linawezekana: Iringa ina makumbusho ya mkoa ndani ya Boma la zamani tangu mwaka 2016, na kule Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, shoka za mawe zimelazwa kwenye korongo lenyewe chini ya mapaa madogo, mtoto wa shule anaziona pale pale zilipopatikana. Isitoshe, Isimila yenyewe ilitambuliwa mwaka 1951 baada ya mwanafunzi mpita njia kuokota mawe na kuyafikisha kwa wenye ujuzi.

Wanaotaka malipo kwa kila jiwe nawaomba wanijibu mambo mawili: nani atapanga bei ya keke iliyovunjika ncha, na mkulima aliyekwisha kulipwa kwa jiwe la kwanza atazuiwa na nini asichimbue shamba zima usiku ule ule?