Wauzaji, acheni kuwabebesha wanafunzi wa chuo "Core i7" isiyotajwa kizazi!

Wakuu, hili limefika shingoni. Kila msimu wa kujiunga na vyuo matangazo ni yale yale: "Core i7, RAM 8, inafaa sana kwa mwanafunzi." Core i7 ni jina la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, lakini kizazi chake hakitajwi. Aina ya diski haitajwi. Betri ndiyo kabisa, haiguswi. Mzazi anatoa hela, mwanafunzi anabeba, na kabla hajamaliza mwaka wa kwanza programu ya kozi inagoma kusakinishwa. Mnaofanya hivi mnajua mnachokificha.

Hiyo 7 peke yake haisemi kitu. i7-6600U ina viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja). i5-8250U iliyotoka 2017 ina viini 4, na kwenye kazi nzito inaiacha mbali hiyo i7 mnayoipandishia bei kwa sababu ya stika. Mnunuzi, soma tarakimu baada ya kistari: 6600 ni kizazi cha 6, 8250 cha 8, 1135G7 cha 11, 1235U cha 12. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, jina kamili la prosesa litatokea. Muuzaji akikuzuia kuandika neno hilo moja, ondoka.

Usishuke chini ya kizazi cha 8, na sababu inajulikana. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani inaishia Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati kompyuta inawaka) na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha 8, kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Sasa kinachofanyika madukani: mashine ya kizazi cha 4 inawekewa Windows 11 kwa flashi iliyotengenezwa na programu ya Rufus ili kuruka ukaguzi wa masharti hayo, halafu inauzwa kama "inakubali Windows 11". Inawaka, ndiyo. Lakini toleo kubwa la mwaka haliji lenyewe, na Microsoft haijaahidi masasisho kwa mashine kama hiyo. Mwanafunzi wa kozi ya miaka mitatu anauziwa mashine isiyo na uhakika hata wa mwaka mmoja! Andika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia, uone kama toleo lililoandikwa ni 2.0.

Na msidhani "mpya kwenye boksi" inawaokoa. Kuna mashine mpya zenye Celeron N4020, viini 2, RAM 4GB iliyochomelewa kwenye bodi na diski ya eMMC, aina ya polepole iliyochomelewa, ya 64GB. Hiyo si kompyuta ya chuo. Windows na mafaili yake hula sehemu kubwa ya hizo 64, sasisho kubwa linahitaji nafasi ya kujifungulia, nafasi haipo, sasisho linafeli, na kila likifeli linajaribu upya. RAM haiongezeki, diski haibadiliki. Mashine iliyotumika ya kizazi cha 8 yenye SSD ya NVMe (diski ya kasi) ya 256GB ni bora mara nyingi zaidi.

RAM: 8GB ndiyo chini kabisa, 16GB ndiyo ya kulenga. Kabla ya kulipa fungua Task Manager, Performance, Memory. Pale chini panaonyesha sloti ngapi zipo na ngapi zimetumika. Kama grafiki ni ya ndani ya prosesa, vipande 2 vya 8GB ni bora kuliko kimoja cha 16GB, kwa sababu grafiki hiyo inatumia RAM hiyo hiyo na njia mbili huipa kasi. Kwenye michoro ya 3D tofauti inaonekana kwa macho.

Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotengenezwa. Linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo uliobaki). Kama ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili ni 24,000, zaidi ya nusu ya betri imeshakufa, hata kama asilimia kwenye kioo inasoma 100. Andika pia slmgr /xpr. Ikitaja tarehe ya kwisha, leseni ya Windows uliyouziwa si ya kudumu.

Sasa ninyi washauri wa "nunua Mac tu" na "weka Linux tu". Mnamshauri mtu bila kumuuliza anasoma nini! Revit (michoro ya majengo), SolidWorks (michoro ya mashine) na ArcGIS Pro (ramani) ni za Windows. Mac za prosesa za M, zilizoanza mwishoni mwa 2020, hazina Boot Camp, njia ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, kwa hiyo mwanafunzi wa usanifu majengo anabaki kuhangaika na Windows ya ARM (toleo la prosesa zisizo za Intel wala AMD) ndani ya Parallels, programu inayoendesha Windows juu ya Mac. Anayesoma kutengeneza programu za iPhone, huyo anahitaji Mac, maana Xcode, programu ya kuzitengenezea, haipo kwingine. R, Python, QGIS, MATLAB na Stata zinakubali mifumo yote mitatu. SPSS, ya takwimu, ipo Windows na Mac, Chromebook haiisakinishi.

Linux ni nzuri sana kwa sayansi ya kompyuta, ila vivinjari vya mitihani kama Safe Exam Browser na Respondus LockDown Browser havina toleo la Linux, na ukivipitisha kwenye mashine pepe (Windows inayoendeshwa ndani ya Linux) kwa kawaida vinakataa. Weka mifumo miwili basi: kwanza nakili ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) wenye tarakimu 48, zima Fast Startup (uwakaji wa haraka wa Windows), punguza sehemu ya Windows kutoka ndani ya Windows yenyewe, acha angalau 60GB kwa Linux, ndipo usakinishe Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Anayeruka hatua ya ufunguo anaweza kufungiwa nje ya mafaili yake. Kompyuta za Windows zenye prosesa ya Snapdragon, ambayo ni ya ARM, nazo zina kasoro moja kubwa: uigaji (kuendesha programu zilizoandikwa kwa Intel na AMD) unabeba programu, haubebi draiva (programu ndogo inayounganisha kifaa na kompyuta), kwa hiyo kifaa cha maabara chenye draiva ya zamani hakitasomwa.

Vyuo navyo vinachangia. "Mwanafunzi awe na kompyuta nzuri" si maelekezo. Tunataka jina la programu, toleo lake na mfumo endeshi, kwa kila kozi, kabla ya wanafunzi kununua. Mwenye orodha ya kozi yake aiweke hapa chini. Na muuzaji atakayeleta tangazo kwenye uzi huu aandike namba kamili ya prosesa, sloti za RAM, aina ya diski na mistari miwili ya ripoti ya betri.