Mrejesho: mikono ya mzee inayotetemeka

Wakuu, niliuliza kuhusu baba yangu anayemwaga chai kila akiinua kikombe, na wengi mlihofia ni Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoharibu miondoko ya mwili. Tumemwona daktari wa mishipa ya fahamu.

Alimwambia aweke mikono mapajani: ikatulia kabisa. Kisha ainyooshe, aguse pua, achore mstari unaozunguka kama gamba la konokono. Hapo kalamu ikaanza kuyumba, kwa mkono wa kulia na wa kushoto pia. Akatueleza kuwa Parkinson mara nyingi huanza upande mmoja, mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, mwili hukakamaa, miondoko huwa mizito na mwandiko huwa mdogo. Mzee hana hayo, na marehemu babu naye alitetemeka hivi hivi.

Damu ikapimwa kuangalia tezi ya thairoidi (ya shingoni, ikizidisha kazi nayo huleta kutetemeka), iko sawa. Ni ugonjwa wa kutetemeka unaojitegemea (essential tremor), ambao mara nyingi hurithiwa.

Jamani, tajeni magonjwa na dawa zote mnazotumia! Mzee ana pumu, hivyo propranolol, dawa inayotumika sana kwa kutetemeka huku, haimfai kwani inaweza kubana njia za hewa; kaanzishiwa dawa nyingine, primidone, dozi ndogo, usiku. Hata salbutamol, dawa ya pumu anayovuta, inaweza kuongeza kutetemeka.

Mliosema nimrekodi akila, asanteni mno, daktari aliiangalia ile video kwa makini.