Mjadala: Tuna haki ya kuwapigia hodi viumbe wa nyota nyingine?

Mleta mada

Wakuu, nina msimamo katika hili na nausema mapema: tusitume tena ujumbe kwenda kwenye nyota nyingine kwa mtindo huu wa sasa. Wengi wanaopinga huhofia kuvamiwa. Mimi napinga kwa sababu ninaona hatujawahi kutuma chochote kwa maana halisi ya kutuma.

Tarehe 16 Novemba 1974 antena ya Arecibo, Puerto Rico, yenye sahani ya kipenyo cha mita 305, ilielekezwa kwenye kundi la nyota la M13, umbali wa miaka ya nuru takriban 25,000. Ikatuma biti 1,679, yaani alama za sifuri na moja, kumi kila sekunde. Chini ya dakika tatu kazi imekwisha, na haikurudiwa. Mwanaastronomia Frank Drake na wenzake waliichagua 1,679 kwa makusudi, maana ni 23 mara 73, na zote mbili ni namba tasa. Anayezipanga biti hizo katika mistari ya biti 23 anapata picha yenye namba, atomi za uhai, umbo la mtu, jua na sayari zake. Wazo zuri mno. Lakini linamtaka mpokeaji awe ameshaanza kusikiliza kabla ya biti ya kwanza, na asibanduke hadi ya mwisho. Akichelewa sekunde kumi, biti mia zimekwenda na hesabu imevurugika.

Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu yenyewe haina habari ndani yake. Inamfanya mtu aweke jembe chini, ategee sikio, ajue tangazo linaanza sasa. Simu zetu na satelaiti hufanya hivyohivyo: hutanguliza biti ambazo pande zote mbili zinazijua, ili mpokeaji apate mwanzo. Mwanahisabati Claude Shannon, alipoweka msingi wa nadharia ya habari mwaka 1948, alishughulika na kelele inayogeuza alama huku mtumaji na mpokeaji wakihesabu pamoja. Biti ikigeuka, tunajua jinsi ya kuisahihisha. Biti ikidondoka bila mpokeaji kujua ilipodondokea, mambo huwa magumu kiasi kwamba hadi leo hakuna fomula kamili ya kiasi cha habari kinachoweza kupita katika njia ya namna hiyo. Na hao ni watu waliokwisha kukubaliana msimbo! Na M13 hatujakubaliana masafa ya redio, wala mwaka, wala mlio wa mbiu.

Sisi wenyewe tumeshakuwa upande wa pili. Tarehe 15 Agosti 1977 antena ya Big Ear, Ohio, ilinasa ishara kali kwa sekunde 72. Ikatafutwa tena na tena, kimya. Chanzo chake kinabishaniwa mpaka leo. Kama kuna aliyenasa zile dakika tatu zetu, atabaki akibishana vilevile.

Anayetaka kutuma kweli lazima arudie, mwaka baada ya mwaka, pengine kwa karne kadhaa, na awepo wa kusikiliza jibu. Jambo la karne haliwezi kuamuliwa na kikundi kimoja kwa kuwa tu kina antena. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, naomba kutofautiana. Aliyenasa kipande tu anaweza kujaribu upana mmoja wa mstari baada ya mwingine. Akifika 23 mistari itajipanga na umbo la mtu litaonekana, hata kama mwanzo umepotea. Umemdharau mpokeaji.

Na mbiu ipo. Februari 1987 nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, ilionekana hapa duniani. Mwanga huohuo unamfikia kila mwenye darubini kwa zamu yake. Wapo wanaastronomia waliopendekeza tukio kama hilo litumike kama saa ya pamoja: anayeuona mwanga huo ndipo atume ujumbe wake. Kwa masafa ya redio pia kuna pa kukutania: haidrojeni hutoa mawimbi ya megahezi 1,420 popote ulimwenguni, na hapo ndipo Drake alipotega sikio mwaka 1960.

Mchangiaji wa pili

Mimi hofu ninayo na sioni haya kuisema. Hata Martin Ryle, mwanaastronomia wa kifalme wa Uingereza, alilalamika baada ya ujumbe wa Arecibo. Kwetu pwani hodi ni mara tatu, usipojibiwa unarudi. Lakini unabisha mlango wa mtu unayejua ni mtu. Hapa nani alinituma nibishe usiku mlango nisioujua, tena kwa niaba ya watoto wangu?

Mchangiaji wa tatu

Rada na televisheni zimekuwa zikivujisha mawimbi miaka mingi. Tumeshasikika.

Mleta mada

Wa tatu, mawimbi ya televisheni hufifia sana kwa umbali ule, na rada kali hupita mahali pamoja mara moja ikaondoka. Ni tatizo lilelile la sekunde 72.

Wa kwanza, kuhusu upana umenishinda. Nafuta neno langu la hesabu kuvurugika. Ila bado anatakiwa awe amerekodi ndani ya dakika zile tatu. Hoja yako ya nyota iliyolipuka ndiyo bora kuliko zote nilizosikia, na inanipa nguvu mimi. Ukijua umbali wa nyota fulani, unaweza kukokotoa ni lini uisikilize. Hilo tunaweza kulifanya leo bila kuomba ruhusa ya mtu. Sahani 64 za darubini ya redio ya MeerKAT, Afrika Kusini, zimeshaingizwa katika kazi ya kusikiliza.

Wa pili, mwaka 2017 ujumbe ulitumwa kutoka Tromsø, Norwei, kwenda nyota ya Luyten, miaka ya nuru 12 hivi, safari hii ukarudiwa siku kadhaa. Jibu haliwezi kufika kabla ya miaka 24 hivi tangu kutumwa. Kanuni walizokubaliana watafiti mwaka 1989 zinataka mashauriano ya kimataifa kabla ya kujibu ishara itakayonaswa, lakini hazimzuii anayeanza yeye kuita. Je, kama mashauriano hayo yangefanyika kwanza, na watoto wako wakawa na sauti, hodi ungeikubali?