Sheria za korona za Wales: zilikuwa za afya au za kuwakomoa Waingereza?

MkaziWaSplott
Wadau, jana kantini tulianza na mpira tukaishia kwenye korona. Mzungu mmoja wa Bristol akasema Mark Drakeford, waziri mkuu wa Wales wakati ule, aliitumia korona kujifanya rais: England wakisema hivi, Wales lazima iseme vile, ili tu ionekane kuna nchi. Akataja lile la kutokwenda zaidi ya maili tano kutoka nyumbani, akataja marufuku ya pombe kwenye baa, akataja yale manailoni ya supamaketi ya kufunika bidhaa zilizokatazwa kuuzwa. Akamalizia kwamba ni walewale wanaotaka kila kibao kiwe na Kiwelisi juu na Kiingereza chini. Mimi nimeishi Cardiff kipindi chote kile na sikuwahi kuyaunganisha hayo mawili. Mliokuwepo mnasemaje? Hoja ziwe nyingi, matusi yapungue.

mtata_255
Mzungu wako kasema kweli tupu. Mwezi mzima wa Oktoba wamefungia watu huku ng'ambo ya daraja, Bristol, baa ziko wazi. Supamaketi unauziwa mkate, birika la umeme huuziwi. Korona inakaa kwenye birika? Halafu Disemba baa zinafunguliwa lakini pombe marufuku. Baa ya maji! Serikali ya kijiji ikipewa rungu ndiyo hivyo. Na hicho Kiwelisi ni lugha mfu, inapuliziwa pumzi kwa kodi za watu. Wanaosoma hivyo vibao ni kondoo.

WaSwansea
Mwezi mzima wapi, mkuu? Zilikuwa siku 17, kuanzia 23 Oktoba hadi 9 Novemba 2020. Hiyo England iliyokuwa wazi ikajifungia tarehe 5 Novemba kwa wiki nne, sisi siku chache baadaye tunatoka. Nani alimkomoa nani? Na hata faini: ya kwanza Wales ilikuwa pauni 60 wakati England walishaipandisha hadi 100.

Birika nakupa, ule ulikuwa upuuzi. Hoja yao ilikuwa kwamba maduka madogo ya nguo yamefungwa, basi na supamaketi zisiuze nguo. Watu zaidi ya 60,000 wakasaini ombi kwa Senedd, bunge la Wales, kupinga, wengi wao Wawelisi wenyewe. Ni ugomvi wa wenye maduka, lugha inaingiaje?

mama_pili
Nilikuwepo. Nimekwenda kumtafutia mwanangu nguo za kulalia, nakuta upande wote wa nguo za watoto umezungushiwa nailoni na utepe kama palipouawa mtu. Kijana wa duka ananiambia samahani mama, hata soksi siwezi kukuuzia. Nyuma yake vodka imepangwa inang'aa. Drakeford sijamsamehe mpaka leo.

mtata_255
Mama Pili kamaliza. Mods fungeni uzi.

nesi_wa_usiku
Hajamaliza kitu. Mtata, nimetoka zamu saa mbili asubuhi, nimesoma "lugha mfu" na "kondoo", usingizi umekata.

Nilikuwa wodi ya wazee kaskazini magharibi, wimbi la kwanza, 2020. Wageni hawaruhusiwi. Kuna mzee wa miaka themanini na kitu, ana ugonjwa wa kusahau. Kiingereza alikiongea maisha yake yote lakini kilikuwa kimeshaondoka, amebaki na cha mama yake. Anarudia "poen, poen". Mimi na mwenzangu Mfilipino tunadhani anamwita mtu. Tunamtuliza, tunamfunika blanketi, tunaondoka, anaanza tena. Mpaka mama mmoja mfanya usafi, mtu wa hapohapo, akasimama mlangoni na ndoo yake akasema: huyo anaumwa, anawaambia ana maumivu.

Siku za kawaida binti yake angekuwa pembeni ya kitanda, angetuambia. Siku zile binti alikuwa kwenye kioo cha tableti nimeishika mimi kwa glavu, anamsemesha baba yake Kiwelisi mpaka anatulia. Kwa hiyo ukitaka kujua zile sheria na hiyo lugha vilikutana wapi, vilikutana pale. Drakeford muache kwanza.

mtata_255
Pole dada, kweli kabisa. Lakini si umenisaidia? Wangekuwa na lugha moja mzee angetibiwa mapema.

WaSwansea
Yaani mzee yuko kwao, kwenye wilaya aliyozaliwa, na mwenye kosa ni yeye?

mtata_255
Sijasema kosa. Nasema takwimu. Sensa ya 2011 walikuwa 562,000, ya 2021 wameshuka hadi 538,000. Asilimia 17.8 tu ya watu. Na serikali inasema ifikapo 2050 watakuwa milioni. Kwa hesabu gani? Vibao vyenyewe hawaviwezi: 2008 hukohuko Swansea kwa mwenzetu waliweka kibao cha kuzuia malori, chini yake Kiwelisi kinasema "sipo ofisini kwa sasa". Walimwandikia mtafsiri barua pepe, mashine yake ikajibu, wakadhani ndiyo tafsiri, wakachonga 😂😂

WaSwansea
Hicho kibao ni cha kweli na hapa mjini bado tunakicheka. Ila kinaonyesha ofisi haikuwa na mtu hata mmoja wa kukisoma kabla hakijachongwa, sasa hiyo lugha inayotawala kila kitu iko wapi?

dereva_wa_brum
Mnazunguka. Mimi naendesha lori kutoka Birmingham, naingia mpaka Caernarfon, kaskazini magharibi mwa Wales. Kipindi kile chuki ilikuwepo, msipake rangi. Mabango barabarani yanasema rudini kwenu. Naingia dukani kununua sandwichi, watu wawili wanageuza lugha papo hapo. Mimi mweusi, lafudhi ya Birmingham, nimevaa barakoa. Mpaka leo sijui nilinuniwa kwa lipi kati ya hayo matatu.

nesi_wa_usiku
Hawakugeuza. Walikuwa wanaongea Kiwelisi kabla hujaingia, kule ndiyo lugha ya dukani. Wewe na mwenzako mkiwa kwenye basi Birmingham mnapiga Kiswahili, huwa mnamgeuzia nani?

dereva_wa_brum
Haya hilo umenishika. Mabango je?

nesi_wa_usiku
Mabango yalikuwepo. Lakini tazama kilichotangulia. Wikiendi ya 21 Machi 2020, kabla London hawajatangaza lokdauni, milima ya Eryri (Snowdonia) huku kaskazini ilijaa watu kiasi kwamba mamlaka ya hifadhi ilisema haijawahi kuona umati huo, wakaishia kufunga njia za kupandia. Wengine walikuja na vyakula vyao kwenye nyumba za mapumziko, zile zenye taa mwezi wa nane tu. Hospitali kubwa ni moja moja, vitanda vya mahututi vya kuhesabu. Mtu wa huko anaona mgeni anakuja na ugonjwa, na mgeni huyohuyo ndiye aliyepandisha bei ya nyumba mpaka mtoto wake kahamia Cardiff. Kijiji kikibaki na wenye nyumba za mapumziko, Kiwelisi kinakufa hapo bila bomu. Hasira ya nyumba ilikuwepo miaka mingi, korona iliipa kisingizio cha kusema kwa sauti. Ndiyo maana tangu Aprili 2023 halmashauri zimeruhusiwa kuziongezea nyumba hizo kodi hadi asilimia 300.

mtata_255
Kwa hiyo unakiri: ilikuwa ni Waingereza.

nesi_wa_usiku
Nakiri watu walikuwa na hasira. Umeulizwa kuhusu sheria.

MwalimuMstaafu
Vijana, hamuwezi kuzungumzia hili bila historia. 1965 walizamisha kijiji kizima cha Capel Celyn, shule, kanisa, nyumba, ili Liverpool wapate maji. Kilikuwa kijiji cha Kiwelisi kitupu. Wabunge wa Wales karibu wote walipinga, haikusaidia. Na karne ya 19 shuleni kulikuwa na kipande cha ubao kimeandikwa W.N., yaani Welsh Not, kinaning'inizwa shingoni kwa mtoto aliyekamatwa akisema Kiwelisi. Akimsikia mwenzake anasema, anampa. Atakayekuwa nacho jioni anachapwa. Mwaka 1846 serikali ikatuma makamishna watatu Waingereza wasiojua Kiwelisi, 1847 wakarudi na ripoti kwamba lugha hiyo ndiyo inayowafanya watu wajinga na wachafu. Mtu mwenye historia hiyo akiambiwa na London "sasa fungueni", lazima atafakari kidogo.

WaKakamega
Mwalimu ngoja hapo hapo. Hicho kibao mimi nimekivaa! Kwetu tulikiita disk, wengine monto. Darasa la tano, miaka ya tisini, mkoloni ameondoka zamani. Ukiongea Kiluhya unapewa, unakaa nacho mpaka umsikie mwingine. Tulikuwa tunajificha nyuma ya choo tunawinda nani ameteleza. Ijumaa kiboko. Sikujua Wazungu walifanyiana wao kwa wao!

MwalimuMstaafu
Na usidhani ilikuwa amri ya serikali tu. Walimu wengi walikuwa Wawelisi wenyewe, na wazazi wengi walikubali, mtoto apate Kiingereza apate kazi.

WaKakamega
Kama kwetu tu. Mamangu ndiye alikuwa anasema mwalimu achape zaidi.

BabuKijiweni
Poleni majirani, ndiyo maana Kiswahili chenu mpaka leo kinachechemea. Sisi Tanzania Mwalimu Nyerere alituokoa. Hakuna mtoto wa Kitanzania aliyevalishwa ubao.

WaKakamega
Babu na heshima zangu. Watoto wa shule zenu za inglishi midiamu wanavaa mpaka leo, tofauti ni kwamba wanakatazwa Kiswahili. Sekondari zenu mnafundisha fizikia kwa Kiingereza ambacho mwalimu na mwanafunzi wote wanakiota. Na hivi vilugha vingine 100 na zaidi viko wapi? Kizaramo kiko wapi? Dar yote ni ardhi yao. Kiswahili ndicho Kiingereza cha Tanzania, na nyie ndio Liverpool.

BabuKijiweni
Usitukane lugha ya taifa. Kiswahili hakikumzamisha mtu.

WaKakamega
Hakikuhitaji maji.

mtata_255
Huyu dada wa Kakamega ametoka wapi? Nyie mlifungiwa Nairobi tangu Aprili 2020, polisi wanachapa watu kwenye kivuko cha Likoni siku ya kwanza ya kafyu, leo mnatufundisha utu. Sisi tulifanya kazi, hatukufungiwa.

WaKakamega
Hamkufungiwa kwa sababu mlipima papai 😂 Wagonjwa wenu walikoma kwenye 509, mkaacha kuhesabu, eti korona imeisha.

mtata_255
Papai ilikuwa kuonyesha kwamba vipimo ni vibovu, hamkuelewa hoja. Na marehemu Magufuli muacheni apumzike.

dereva_wa_brum
Mada ilikuwa Wales jamani. Nimeenda kupakua mzigo nimerudi nakuta papai.

MkaziWaSplott
Asante dereva. Naomba turudi. Swali ni moja: Drakeford alitofautisha sheria kwa ajili ya afya au kwa ajili ya utaifa?

WaSwansea
Jibu langu: afya ni mamlaka ya serikali ya Wales, Cardiff, kisheria, kwa hiyo kutofautiana si uasi. Mei 2020 Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, alipobadilisha "kaeni nyumbani" kuwa "kuweni macho", Wales walibaki "kaeni nyumbani". Maili tano haikuwa hata sheria kamili, sheria ilisema kaa eneo lako, maili tano ni kipimo cha kukadiria. Na wananchi walikuwa na nafasi ya kumwadhibu. Uchaguzi wa Mei 2021 Labour, chama chake, wakapata viti 30 kati ya 60, na chama kilichoomba kura za kulifuta bunge lenyewe hakikupata hata kimoja.

mtata_255
Kura si dawa. Siku 17 zile zilisaidia nini? Katikati ya Disemba Wales ndiyo ilikuwa inaongoza Uingereza nzima kwa maambukizi, wakajifungia tena kabla ya Krismasi. Hilo ndilo mngenijibu, mmekaa na monto.

WaSwansea
Hilo ni swali zuri na ungelianza nalo badala ya kondoo. Mimi naona zilikuwa chache mno na watu walitoka kwa fujo. Lakini basi kosa ni kwamba alifunga kidogo, sio kwamba alifunga kuwakomoa watu.

mtata_255
Unaona unavyoteleza? Kwanza alifunga vizuri, sasa alifunga kidogo.

BabuKijiweni
Narudia, Kiswahili hakikumzamisha mtu. Kizaramo wazee wanakiongea.

WaKakamega
Wazee. Umesema mwenyewe.

MwalimuMstaafu
Wawelisi walikuwa na bahati moja ambayo Wazaramo hawakupata. Askofu William Morgan aliwatolea Biblia nzima kwa lugha yao 1588, watu wakajifunza kusoma kanisani. Lugha iliyoandikwa haifi haraka.

mama_pili
Samahani nawaingilia, mnaojua. Mwanangu wa pili anaanza shule mwakani. Upande wa Butetown kuna shule inayofundisha kwa Kiwelisi, jirani yangu Msomali kampeleka wake na anasema nafasi zipo na madarasa hayajajaa. Mimi na baba yake hatujui hata salamu. Nimpeleke?

nesi_wa_usiku
Mpeleke mama. Barua za shule zinakuja kwa lugha zote mbili, na wengi wa wazazi hapo Cardiff hawaongei Kiwelisi. Kiingereza atakipata tu, hata ukimzuia. Huku kwetu kaskazini bila Kiwelisi kazi ya halmashauri unaisikia kwa jirani.

mtata_255
Na akitaka kuhamia London? Kiwelisi atamsemesha nani, mbwa?

mama_pili
Atawasemesha Kiingereza kama wewe unavyowasemesha. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kumsaidia kazi za nyumbani.

nesi_wa_usiku
Wanatuma sauti na maelezo kwa Kiingereza pembeni. Mtoto wa dada yangu mama yake anamsaidia hivyohivyo.

BabuKijiweni
Sasa mama, huyo mtoto akija Tanga bibi yake atamwongelesha nini? Kiwelisi, Kiingereza, Kiswahili, kichwa kitapasuka.

mama_pili
Babu, bibi yake anamwongelesha Kiswahili kwenye simu kila Jumapili na anaelewa vizuri. Shule haitabadilisha hilo.

WaKakamega
Na Kidigo je?

mama_pili
Wewe wa Kakamega nenda ukalale.