Kitabu kikongwe kisichokushika: ukimalize kwa nguvu au ukiweke chini?

Alamisho (mleta mada):
Wakuu, hoja yangu ni fupi. Kitabu kikongwe kisipokushika, kiweke chini. Umri wa kitabu si deni la msomaji. Mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, ana kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, kisha uamue. Ukishavuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, na jibu ndiyo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 70 anadaiwa 30 tu. Naye Mfaransa Daniel Pennac aliorodhesha haki kumi za msomaji mwaka 1992, na haki ya kutomaliza imo, pamoja na ya kuruka kurasa. Anayesema lazima kumaliza alete sababu, asilete heshima.

Jalada Gumu:
Sababu ipo, mkuu. Kurasa 50 zinazitosha riwaya zinazokupa maiti kwenye aya ya kwanza. Sasa tazama Moby-Dick ya 1851. Ina sura 135. Meli inang'oa nanga sura ya 22. Nahodha Ahab anajitokeza sitahani sura ya 28. Nyangumi mweupe anayetafutwa muda wote huo anaonekana sura ya 133! Ukiishia ukurasa wa 50 umehukumu nyumba ya wageni anakolala msimulizi kabla ya safari, bahari hujaiona. Les Misérables (1862) ni hivyohivyo: sura 14 za mwanzo zinamhusu askofu, mhusika mkuu, Jean Valjean, bado hajabisha hodi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Alamisho:
Hata aliyeyaoga hutoka, hakai humo mpaka ngozi ikunjamane. Na umenisaidia hoja: kama kisa kinangoja sura ya 28, kwa nini lawama iwe ya msomaji?

Tanbihi:
Nyote wawili mnabishania kuacha au kumaliza kabla ya kuuliza kwa nini macho yanapita kwenye mistari na hakuna kinachobaki. Mara nyingi kitabu hakina kosa na msomaji hana kosa, ila mwendo ndio mbaya.

Riwaya nyingi za karne ya 19 hazikuandikwa zisomwe kwa mkupuo. The Count of Monte Cristo ilitoka vipande vipande katika gazeti la Paris, kuanzia Agosti 1844 hadi Januari 1846. Crime and Punishment ilitoka jaridani mwaka mzima wa 1866. Middlemarch iliuzwa kwa sehemu nane, 1871 hadi 1872. Ndiyo maana mwandishi anarudia sifa za mhusika uliyekwisha mjua: msomaji wake alikuwa amekaa wiki kadhaa bila kumwona. Wewe ukizimeza kurasa 80 Jumamosi usiku, urudiaji ule unakuchosha. Ukisoma kurasa 5 Jumapili moja na 5 Jumapili ijayo, unasahau nani ni nani, unarudi nyuma, unakata tamaa. Kote kuwili umepoteza.

Kinachofaa ni kidogo kila siku, na uhesabu kwa sura, usihesabu kwa kurasa. War and Peace, riwaya ya Kirusi, ina sura 361 ukijumlisha hitimisho lake. Sura moja kwa siku, umemaliza ndani ya mwaka na siku chache zimebaki. Wastani wa sura zake ni kama dakika nane. Simu ikae chumba kingine, maana dakika nane zenye arifa tatu ndani yake si dakika nane.

Majina ya Kirusi nayo yanawaangusha wengi bure. Mtu mmoja ana jina lake, jina linalotokana na la baba, na jina la ukoo, halafu mama yake anamwita kwa jina la kudekeza. Katika Crime and Punishment, Rodion Romanovich Raskolnikov na Rodya ni mtu mmoja. Karatasi moja ikunjwe iwe alamisho, uandike jina, majina mengine anayoitwa, na uhusiano wake na wengine. Mstari mmoja kwa kila mtu. Ukiandika zaidi ya hapo unaanza kusoma karatasi badala ya kitabu.

Mfasiri Mchovu:
Naongezea tafsiri, maana hapo ndipo watu wanapomwonea mwandishi. Kabla ya kusema kitabu kinachosha, chukua aya moja ya katikati ya kitabu, kwa sababu mwanzoni kila mfasiri hujitutumua. Isome katika tafsiri mbili, kwa sauti. Ukijikwaa kwenye moja na nyingine ikatiririka, jibu umepata. Monte Cristo kwa Kiingereza ni mfano mzuri: tafsiri iliyoenea zaidi ni ya 1846, lugha yake imekauka na baadhi ya mambo yalilainishwa ili yasiudhi. Ya Robin Buss ya 1996 ni kamili na inasomeka.

Jihadharini na matoleo yaliyofupishwa bila kutangazwa jaladani. Hesabu sura: Monte Cristo kamili ina 117. Halafu dibaji za wasomi someni mwisho. Zimeandikwa kwa kudhani unajua nani anakufa, na zinakwambia.

Jalada Gumu:
Hayo nayakubali. Kuruka ndiko nisikokubali. Ukiruka hujasoma, umepitia.

Tanbihi:
Inategemea unaruka nini, ndugu. Vita vya Waterloo ndani ya Les Misérables vina sura 19 mwanzoni mwa sehemu ya pili. Kisa kinaguswa hasa kwenye ya 19, pale mwizi anapowapekua maiti usiku. Aliyeelemewa asome ya kwanza aone mandhari, kisha aende ya 19, na hatapotea. Sura za historia ya mifereji ya maji machafu ya Paris, sehemu ya tano, zinaweza kungoja vilevile. Mfukuzano wenyewe unaendelea baada yake.

Lakini ile sura ya 32 ya Moby-Dick ambayo kila mtu anairuka, mimi nisingeiruka. Mle nyangumi wanapangwa kwa ukubwa wa vitabu: wakubwa, wa kati, wadogo, kama mtu anayepanga rafu. Ni mzaha. Anayeisoma kama somo la biolojia lazima asinzie.

Ukiruka, weka alama ya penseli pembeni. Ukiruka bila alama, siku ukitaka kurudi hutajua ulipoachia.

Sikio:
Mbona hakuna aliyetaja kusikiliza? Vitabu hivi vilisomwa kwa sauti sebuleni, mmoja anasoma, wengine wanashona. Kwa mashairi ndiyo kabisa. Utendi wa Tambuka, wa 1728, una beti zaidi ya 1,100, kila ubeti vipande vinne vya mizani nane. Ukiusoma kimya kwa macho, beti 30 tu zinakutosha. Ukighaniwa, ile bahari, yaani kina kilekile kinachorudi mwisho wa kila ubeti, inakuvuta hadi ubeti unaofuata. Onyo: usiongeze kasi ya rekodi zaidi ya mara moja na robo kwa sentensi ndefu za kale, na usisikilize huku unaandika ujumbe. Sentensi yenye vishazi sita haikungoji.

Alamisho:
Sawa, nimepunguza ukali. Ila bado sijajibiwa: baada ya tafsiri nzuri, sura kwa siku, karatasi ya majina, bado hakinishiki. Lini naruhusiwa?

Jalada Gumu:
Robo ya kitabu. Si kurasa 50.

Mfasiri Mchovu:
Robo ya War and Peace ni zaidi ya kurasa 300, mkuu. Hiyo ni riwaya nzima ya mtu mwingine.

Tanbihi:
Mimi natumia swali badala ya idadi. Funga kitabu, jiulize: mhusika mkuu anataka nini sasa hivi, na nani anamzuia? Ukishindwa kujibu, hujakichukia kitabu, umekipoteza njiani. Rudi sura mbili nyuma. Ukijibu vizuri kabisa na jibu lenyewe halikugusi, siku tatu mfululizo, weka chini. Andika ukurasa wa mwisho ulioishia, tarehe, na mstari mmoja wa hali ya kisa, uache karatasi humo humo.

Jalada Gumu:
Na kama ni siku mbili?

Tanbihi:
Siku mbili huenda ulikuwa na usingizi tu.